Tisini na Nne Mahali pa Hamsini

Nyumbani, chumba cha mbele
4 Februari

Mwanangu Karani,

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto, lile la klachi, linauma asubuhi na kuacha mchana, kwa hiyo nalihesabu kuwa zima. Paa limezibwa. Fundi alikuja mara tatu, mara mbili kuangalia na mara moja kufanya kazi. Mtoto wa mdogo wako ameota meno mawili na ameshamuuma kila mtu isipokuwa mama yake. Baba yako yuko verandani na cherehani yake kama kawaida. Mwezi huu ana sare za wauguzi, nyumba nzima imejaa vipande vyeupe, na ukikaa bila kuangalia unachomwa na pini.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kuta za nyumba hii ni kama karatasi, na mimi miaka thelathini na moja ya kuwapigia kelele wanafunzi wa udereva imeniharibu koo, siwezi tena kuongea chini. Nikikupigia, baba yako atasikia, na mtaa wa pili watasikia. Na ujumbe wa simu ataufungua yeye kwanza, simu tunatumia moja. Nijibu kwa barua, uitume shuleni kwetu, si nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne ilifika bahasha shuleni yenye muhuri wa polisi wa barabarani. Wanasema gari langu, lile jeupe lenye kibao cha mwanafunzi juu, lilipita barabara ya mchepuko tarehe 19 Januari, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa mwendo wa kilomita tisini na nne kwa saa. Pale ni hamsini. Wameambatanisha na picha.

Wewe unanijua. Wanafunzi wananiita Mama Breki, na si kwa mapenzi. Mwaka jana nilipitwa na mtu anayesukuma toroli la matofali, akanipungia mkono. Na gari lile likifika sabini milango inaanza kugongana kama meno ya mwenye homa. Sasa tisini na nne imetoka wapi?

Nataka kujua kama kamera inaweza kushtakiwa. Nauliza kwa haraka kwa sababu mwenye shule anastaafu mwisho wa Aprili, na ameshatamka mbele ya walimu wote kwamba kiti chake ni changu. Kilichobaki ni barua ya polisi kuthibitisha kwamba sina kosa hata moja. Na sina, mwanangu. Sijawahi hata kuegesha vibaya. Hii ni notisi yangu ya kwanza tangu nipate leseni, na imekuja wakati ninapoihitaji kidogo kuliko wakati wowote.

Bahasha niliipokea mwenyewe mlangoni. Hakuna anayejua ila mimi, kamera, na sasa wewe.

Shangazi yako

Nimesahau: baba yako hajanituma salamu, lakini ameniuliza kama nina stempu.


Mahakamani, dirisha namba tatu
16 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta nikipiga mihuri, nikaisoma chini ya meza kama mwanafunzi. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini. Jirani wa juu ana watoto wanne, au ana mtoto mmoja mwenye viatu vinne, bado sijajua. Kazini wamenihamishia dirisha namba tatu, ambalo ni la makosa ya barabarani, kwa hiyo umemwandikia mtu sahihi. Pole na goti. Usipande ngazi za ofisini bila sababu, waambie wanafunzi washuke wao.

Kamera haishtakiwi. Watu wamejaribu. Wiki iliyopita bwana mmoja mwenye tai alimwambia hakimu kwamba alipiga chafya na mguu ukakanyaga mafuta. Hakimu akamuuliza chafya ya kilomita mbili aliipigaje. Mwingine alimleta mama mkwe wake awe shahidi kwamba yeye ni mtu mpole. Mama mkwe alipopanda kizimbani akasema hajawahi kusema hivyo.

Una njia tatu, Shangazi. Unaweza kukiri na kulipa faini, iishe. Unaweza kupinga, ukaitwa mahakamani kujieleza. Na kama aliyekuwa anaendesha si wewe, unamtaja kwenye fomu iliyo nyuma ya notisi, naye ataitwa. Ila lazima ujibu kabla ya tarehe 20 Machi. Ukinyamaza wanahesabu kwamba umekiri na pia umedharau, na hayo ni mawili.

Kabla sijakushauri, niambie. Ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa na nani? Na nitumie nakala ya ile picha. Nauliza kwa sababu notisi inatumwa kwa mwenye gari, haimwangalii dereva usoni, na gari la shule ya udereva huwa na watu wawili.

Mbusu mtoto, hata akikuuma. Msalimie mwenye shule. Msalimie na huyo fundi wa paa.

Wako, Karani


Nyumbani
27 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba. Umemsalimia fundi wa paa, mtu ambaye hujawahi kumwona. Nimemfikishia, ameshangaa sana. Ndani ya nyumba hii kuna mtu mmoja umemruka, na huu ni mwaka wa nne unamruka. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nimeona.

Mvua imenyesha siku tatu na paa limekubali. Mwenye shule amenikaribisha nijaribu kiti chake, ili nisije nikapata shida siku ya kwanza. Kina magurudumu. Nilikaa, kikarudi nyuma peke yake mpaka kwenye kabati la mafaili. Walimu wakasema Mama Breki amekosa breki. Nikacheka nao, lakini nilipotoka nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku nilipopata kazi hii. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Maswali yako. Tulikuwa tunarudi mjini. Nilikuwa kazini. Picha hii hapa, ila mashine ya kunakili ya pale dukani ina matatizo, imetoa namba ya gari tu na nusu ya taa. Nadhani inatosha.

Kwa mengine, hakuna. Baba yako ana tabia mpya ya kuvaa viatu vyepesi vya soli nyembamba kila asubuhi. Anasema ni kwa ajili ya mzunguko wa damu. Mimi sikuuliza.

Ushauri wako ni upi? Nikipinga, nitashinda?

Shangazi yako


Dirisha namba tatu
8 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa na mafua wiki nzima na jirani wa juu amenunua kitu kinachobingirika. Ukiacha hayo, niko salama. Nimefurahi kuhusu kiti. Nimefurahi sana, na ndiyo maana nitakuwa mkali kidogo.

Mashine ya kunakili haikati karatasi kwa menomeno. Nakala uliyonitumia imekatwa kwa mkasi wa meno, ule wa mafundi nguo, wa kuzuia kitambaa kisifumuke. Kwenye nyumba hiyo upo mmoja tu, na nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kukatia nao daftari. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba na mimi nimeona.

Halafu umeandika "tulikuwa tunarudi". Kila siku pale dirishani nasikiliza watu wakisema nilikuwa peke yangu, nilikuwa peke yangu, halafu kwenye sentensi ya tatu wanasema tuliposimama. Huwa naisubiri hiyo sentensi ya tatu. Wewe hukunisubirisha hata kidogo.

Kupinga hutashinda. Kamera zile zinapimwa kila mwezi na cheti kinaletwa. Kilichobaki ni kusema nani alikuwa kwenye usukani, na hilo huwezi kuliamua kwa kutazama nani ataumia kidogo. Zimebaki siku kumi na mbili, na barua hii itakula siku tano au sita. Tafadhali nitumie picha nzima.

Kuhusu huyo niliyemruka, sina la kuandika ambalo halitaharibu zaidi. Nikituma salamu, itabidi niendelee.

Wako, Karani


Shuleni, wakati wa mapumziko
13 Machi

Mwanangu,

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima.

Nililala.

Ndiyo hivyo. Mwalimu wa udereva, ndani ya gari la shule, katikati ya somo, nilikuwa kiti cha abiria nimelala fofofo. Utaona kwenye picha. Yule mwenye mdomo wazi ni mimi.

Nina mwanafunzi mmoja, mtu mzima, nimeanza naye Novemba. Hataki kufundishwa na mwalimu mwingine wala kuonekana mjini, kwa hiyo namchukua asubuhi, siku ambazo sina ratiba, tunakwenda kule mchepuko ambako hakuna anayemjua. Yeye analiogopa gari kama mtu anayeogopa mbwa lakini hataki mbwa ajue. Tangu Novemba mpaka Januari hakuzidi ishirini. Ishirini kwenye tambarare, ishirini kwenye mteremko. Wenye baiskeli wanapiga kengele. Na mimi kila akijaribu kuongeza, mguu wangu unakwenda wenyewe kwenye breki ya upande wangu, na mdomo wangu unakwenda nao, angalia kioo, shika gia, unataka kutuua. Ni mazoea.

Siku ile nilikuwa nimefundisha siku sita bila kupumzika. Jua linapiga kwenye kioo, injini inanguruma sauti moja, ishirini, ishirini, ishirini. Nikasema nifumbe jicho moja.

Nilipofumbua, miti ilikuwa inarudi nyuma kama inafukuzwa. Milango inagongana. Nikakanyaga breki, tukasimama, pochi yangu ikapiga kioo cha mbele. Nikamuuliza unafanya nini.

Akasema, "Ulikuwa umelala. Mara ya kwanza tangu tuanze hakuna mtu ananipigia kelele. Nikataka kuona linakwendaje."

"Haya, umeonaje?"

"Linakwenda."

Na alikuwa anatabasamu, mwanangu. Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo miaka mingi.

Kwa hiyo nimeamua. Nitajaza fomu kwamba dereva nilikuwa mimi. Kiti nitakikosa, najua, lakini nitakuwa nimekikosa kwa mwendo. Mwalimu aliyekimbia watamsema wiki moja, na wengine watamheshimu kidogo. Mwalimu aliyelala watamsema mpaka anazikwa. Na huyu mwanafunzi wangu mtihani wake ni Mei. Wakijua ni yeye watamfungia leseni ya kujifunzia. Kuna mahali anataka kufika.

Picha nzima hii hapa, naituma kwa posta ya haraka, sina cha kuficha sasa. Uso wake hauonekani, umefunikwa na kofia, kwa hiyo hakuna atakayejua.

Shangazi


Kwa mkono wa kondakta wa basi la asubuhi
17 Machi

Shangazi,

Usitie saini.

Kofia hiyo nilimnunulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza. Ukingoni upande wa kulia ina alama ya pasi, aliiunguza mwenyewe siku ya pili na akasema imekuja hivyo kutoka dukani. Alama inaonekana kwenye picha. Kamera zile ni nzuri.

Nimekaa na picha hiyo mezani tangu jana. Nilikuwa nimejua tangu ule mkasi, nadhani, lakini kujua na kuona ni mambo mawili.

Wewe siku ya harusi ya mdogo wangu ulikuwa jikoni, kwa hiyo ulisikia tu kwamba tumekosana. Ngoja nikuambie ilivyokuwa. Gari la wageni lilikuwa limeziba geti. Mtu akampa Baba funguo, akasema mzee, wewe si ndiye uliyeendesha malori ujanani, tusogezee hili. Baba akaanza habari za macho yake, kwamba daktari alimkataza. Tumekua na hizo habari. Lori la tani kumi, mlima wenye kona saba, breki zilipokatika. Na mimi nikasema kwa sauti, mbele ya wakwe, kwamba Baba hajawahi kuendesha hata baiskeli ya mtoto na ametudanganya maisha yetu yote. Watu walicheka. Nilitaka wacheke, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameniambia kwamba gauni langu limeshonwa vibaya.

Aliziweka funguo juu ya meza, taratibu, kama anaweka sindano. Wakati naondoka aliniambia, "Siku nitakayofika kwako nitafika nikiendesha. Kabla ya hapo tusisumbuane." Nilidhani ni njia ya kusema hataki kuniona. Sikujua kwamba ni mpango.

Sasa nisikilize kama karani. Kusema uongo kwenye fomu ile ni kosa kubwa kuliko mwendo wowote. Hapa kwetu nimeona mama amemsainia mwanawe, na akaishia yeye kizimbani na mwanawe shahidi. Usitie saini, na wala usimwambie kwamba najua. Sijui nataka uniambie nini zaidi. Andika tu umefanya nini.

Wako


Nyumbani
12 Aprili

Mwanangu Karani,

Samahani kwa kukawia, utaona sababu. Mtoto anatambaa sasa, kwa hiyo pini zote zimehamia juu ya kabati. Goti ni lilelile.

Kondakta wako alisahau barua yako kwenye basi, ikaenda na kurudi mara mbili. Ilinifikia tarehe 21, siku moja baada ya mwisho. Lakini usiogope.

Tarehe 18 nilikuwa nimeshajaza fomu, nimeiacha juu ya kitanda nikaenda kutafuta bahasha. Baba yako akaingia kuazima stempu. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, miwani ya kazi puani, futi ya kupimia shingoni, anasoma.

"Hapa umeandika dereva ni wewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Kaka, achana nayo. Wewe una mtihani Mei."

"Miaka yote hii watu wanasema sijawahi kuendesha," akasema. "Sasa serikali yenyewe inasema nimeendesha. Ina tarehe, ina saa, ina picha. Na wewe dada yangu ndiye unayetaka kufuta."

Akachukua kalamu, akalikata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lake kwa yale maandishi anayoandikia vipimo vya wateja. Akaenda posta mwenyewe kwa miguu.

Tuliitwa mahakamani tarehe 8 mwezi huu. Alivaa suti ya kijivu. Hakimu ni mama kijana, anaongea taratibu. Akamuuliza kama anakubali kosa.

"Nakubali," akasema baba yako. "Ningeomba pia kuiona hiyo picha ikiwa kubwa."

Wakampa. Akaiangalia kwa muda mrefu mpaka karani wao akakohoa.

"Na mwalimu wako alikuwa anafanya nini wakati huo?" hakimu akauliza.

Baba yako akasema, "Alikuwa anafikiri, mheshimiwa."

Hakimu akaiangalia picha, mimi nimeelekeza mdomo kwenye paa la gari. Akasema, "Alikuwa amezama kweli kwenye fikra." Watu wakacheka, hata polisi. Nikasimama bila kuitwa, nikasema, "Nilikuwa nimelala, mheshimiwa." Na mwenye shule, aliyekuwa amesikia habari za wito wetu, alikuwa amekaa benchi la pili. Nilimwona anavua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi.

Halafu hakimu akamgeukia tena baba yako. "Mzee, una miaka sitini na sita na leseni ya kujifunzia. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Kofia ilikuwa mikononi, anaizungusha.

"Kwa binti yangu."

"Anakaa upande ule?"

"Hapana. Anakaa mbali, upande mwingine kabisa. Pale nilikuwa nafanya mazoezi ya kufika."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akaandika kitu, akakiangalia, akaandika tena. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mzee, kwenda huko kuna basi kila siku saa moja asubuhi."

"Naijua ratiba yake," akasema baba yako.

Amepigwa faini na leseni ya kujifunzia imefungiwa miezi sita. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nakala imekwenda shuleni. Kiti amepewa mwalimu wa malori, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuwasha gari. Mwenye shule aliniambia mwenyewe, mlango umefungwa, na alisema kwa heshima. Nililia chooni kidogo. Halafu nikanawa uso, nikatoka, kulikuwa na msichana ananisubiri nimfundishe kurudi nyuma. Wanafunzi sasa wananiuliza kama nimeamka salama. Nimewazoea. Inaniuma bado, sitakudanganya, hasa nikipita mlango wa ile ofisi. Lakini nikifikiria ningekuwa nimekaa pale kwa karatasi ya uongo, na kiti chenyewe kinateleza, naona bora goti langu na klachi.

Baba yako amerudi verandani. Anashona. Jana ameniuliza barua ya kwenda kwako inachukua siku ngapi. Nikamwambia tano, sita. Akasema ni nyingi.

Hajanituma nikuandikie haya. Nimejituma.

Shangazi yako


Chumbani kwangu
18 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Najua ujumbe wangu wa simu ulikuwa mfupi. Nisingeweza kuandika zaidi ya "yuko kwangu, mzima", kwa sababu alikuwa amekaa pembeni yangu anasoma kila herufi ninayobonyeza.

Barua yako imefika leo, siku moja baada yake. Nimesoma habari za mahakamani huku mshtakiwa amekaa mbele yangu anakunywa chai. Yeye mwenyewe alikuwa hajaniambia hata neno moja la kesi. Pole na kiti, Shangazi. Nilisimama kusoma sehemu hiyo. Nitakuja mwenyewe nikuambie, si kwa karatasi.

Ilikuwa jana, saa tisa na nusu alasiri. Foleni pale dirishani ilikuwa imefika nje. Mimi huwa siinui kichwa, nanyoosha mkono tu napokea notisi. Nikasema anayefuata. Mkono wangu ukabaki mtupu.

"Notisi yako?"

"Sina."

"Kosa gani?"

"Kuchelewa."

Nikainua kichwa. Suti ya kijivu, kofia kifuani. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba alimwonyesha mlango wa pembeni wa ndugu za wafanyakazi, akakataa, akasema atasubiri zamu yake kama wengine. Saa saba ndani ya basi, halafu saa nzima kwenye foleni ya watu waliokamatwa. Nilikuwa na muhuri mkononi na sikujua pa kuuweka. Bwana aliyekuwa nyuma yake akasema, "Dada, sisi wengine tuna haraka." Baba akageuka akamwambia, "Haraka ndiyo iliyokuleta hapa." Nikafunga dirisha.

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, pale wanapoweka majalada ya zamani. Nikaanza, "Baba, siku ile ya harusi." Sikuweza kuendelea vizuri, lakini nililitoa neno, Shangazi. Niliomba radhi, na sikuongeza sababu.

Aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Gauni lilikuwa limeshonwa vibaya."

"Ndiyo, Baba."

"Na lori sikuendesha. Nilikuwa utingo. Napakia, nashusha, naweka jiwe nyuma ya tairi."

"Na breki zilipokatika mlimani?"

"Hiyo ni kweli. Nani unadhani aliruka na jiwe?"

Nilicheka mpaka mwandishi wa mahakama akafungua dirisha kuangalia kuna nini. Na yeye akacheka, kwanza kidogo, halafu kweli.

Anasema alikuambia anakwenda kununua uzi. Anasema ulimwona ametoka na begi na hukumuuliza uzi gani unaobebwa kwa begi, kwa hiyo lazima ulijua. Mimi nimemwambia ulikuwa unafikiri.

Ameshazishusha pazia zangu zote, anasema pindo zinatia aibu. Chumba hakina pazia sasa na jirani wa juu, ambaye kumbe ana mtoto mmoja tu, amekuja kumpa suruali za kurekebisha. Hataki kulala kitandani, hataki nilale chini, tumebishana mpaka mwenye nyumba akaleta godoro.

Amesema anakaa siku mbili tu, kazi zake zinamsubiri. Asubuhi hii nimefungua begi lake nimpigie shati pasi. Kuna mashati tisa.

Wako, Karani